Ua wa Miyonza

Niseme kwanza kwamba walinicheka, kwa sababu siku hizi kila mtu katika kijiji chetu cha wakimbizi, Nakivale ya Uganda, anajifanya alijua tangu mwanzo kwamba muyonza ni mti wa maana. Hawakujua. Mwaka 2005, nilipoanza kupanda mbegu zake kwenye mikebe ya mafuta ya msaada, mwenyekiti mwenyewe alikuja akashika kiuno. "Mama Patient," akasema, "weye unapanda pori? Pori inajipandaka yenyewe!" Nikamwambia anipishe, ananizibia jua.

Muyonza ni kichaka cha miiba. Wenyeji Wanyankore huuita omuyonza. Sisi Wakongo tukakata kichwa cha neno, tukabaki na mkia. Majani yake hayapukutiki hata mwezi wa saba, wakati mbuzi wanakula karatasi. Tunda lake huanza kijani, likawa jekundu, likamalizia jeusi. Ukiwa na pupa ukala jekundu, utomvu wake mweupe unakugandisha midomo, na wallahi unastahili. Ukisubiri jeusi, unapata utamu wenye uchachu kidogo. Watoto huyachuma porini wakichunga, lakini kuyapanda, nani angefikiria?

Mimi nilifikiria. Nilikuwa nimepewa kipande cha bondeni chenye udongo mweusi, na mbuzi wa jirani walikuwa wakiyaonja maharage yangu kabla yangu. Nikasema nitaotesha ua ambao mbuzi hatathubutu kuugusa, na ua huohuo utanilisha. Nikachuma matunda meusi tititi, nikayaponda, nikaosha mbegu, nikazianika kivulini. Zilichukua wiki tano kuchipua na miaka mitatu kuzaa. Kila alfajiri niliteka maji ya kuinyweshea ile miche. Mume wangu Grégoire alisema afadhali naye angezaliwa muyonza, labda angeamkiwa mapema.

Aliyenisaidia ni Divine, na hapa ndipo moyo unaponiuma. Huyo Mama Parfait tulitoka naye Luvungi, kwetu Kongo, tukavuka mipaka pamoja, tukalala chini ya hema moja miezi saba. Alipojifungua nilimpa blanketi langu. Kadi yake ya chakula ilipopotea nilimgawia unga wangu. Sikuwahi kumkumbusha mambo hayo, labda mara mbili tatu.

Divine alikuwa na kichwa chepesi cha lugha. Mwaka mmoja tu, akawa anaongea Kinyankore, Kiswahili cha Uganda na Kiingereza cha kuombea kazi. Mimi nilibaki na Kiswahili changu cha Luvungi, maana kijiji chetu chote ni Wakongo, na muyonza haukuulizi lugha. Basi tukagawana kazi. Mimi nilichuma, nikapika jamu, nikaichuja kwa kitambaa. Yeye aliipeleka Mbarara kwa Nasimah, mama wa Kiislamu mwenye duka la juisi karibu na msikiti, akarudi na sukari na chupa tupu, nami nikampa fungu lake. Kila mara alisema aksanti. Tuliishi hivyo miaka bila ugomvi.

Mwaka 2012 ukaja mradi wa maparachichi. Kila familia yenye kipande bondeni ilipewa miche ishirini, kwa sharti moja: atakayeuza miche, kipande chake kitapewa mtu mwingine. Sharti lilikuwa zuri, kwa kuwa wengine walianza kuipakia kwenye baiskeli kabla injini ya gari la mradi haijapoa. Mimi nilipanda yangu yote. Mchwa wakala kumi.

Niliona haya kana kwamba mchwa ni watoto wangu. Nikamchukua Divine tukaenda soko la Kaberebere, akanipatania bei kwa Kinyankore, nikanunua miche sita, ndiyo niliyoiweza. Tulirudi nayo kwa miguu, yeye mitatu kichwani na mimi mitatu, tukiimba nyimbo za kwaya. Tukaipanda siku ileile, na Divine ndiye aliyeshindilia udongo.

Miezi kadhaa baadaye bwana shamba akaja kukagua. Alikuwa kijana mpole wa Mbarara, mwenye kalamu mbili mfukoni, na Divine ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Akahesabu, akapata kumi na sita.

"Mama, tulikupa miti ishirini. Hii ingine ine iko wapi?"

Ningeweza kusema mbuzi, yakaisha. Lakini nina kiburi cha ukweli, na nilitaka ajue kwamba mimi si wa kukaa nikisubiri mradi.

"Bwana, kumi ilikufa, muchwa ilikula," nikamwambia. "Njo niliuza ingine sita ku Kaberebere, na mikono yangu mwenyewe!"

Wewe unayesoma umeshaliona shimo. Mimi sikuliona. Kwetu, kuuza ni kutoa pesa ukapewa kitu. Ukitoa kitu ukapewa pesa, hiyo ni kuuzisha. Ndivyo alivyosema mama yangu, na mama yake, na soko zima la Luvungi. Sikujua kwamba kuna nchi ambako kuuza kwangu kumegeuzwa tumbo juu.

Bwana shamba aliacha kuandika. Akamgeukia Divine. "Amesema aliuza?"

Divine alinitazama, kisha akaangalia ua wangu. Wakati ule matawi yalikuwa yameinama kwa matunda.

"Ndiyo," akasema. "Amesema aliuza sita Kaberebere."

"Mama, ni kweli?"

"Kweli kabisa! Mungu eko shahidi!" Nikacheka, nikaweka kidole gumba kwenye karatasi, nikamfungia yule kijana chupa mbili za jamu ampelekee mkewe.

Baada ya wiki tatu barua ilisomwa mkutanoni. Eliane, yaani mimi, ameuza miche ya mradi, amekiri mwenyewe, kipande chake cha bondeni anapewa Divine. Watu wakageuka kunitazama. Nilisimama nikapiga kelele kwamba wamekosea jina. Grégoire akanivuta nikae. Divine alinijia baadaye akaniambia mambo ya wakubwa hayana dawa, yeye atafanya nini? Nilimwamini! Nilimwonea hata huruma, nikadhani wamembebesha mzigo asioutaka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta bondeni na panga. Ua ulikuwa na mlango mmoja tu, wa upande wa nyumbani kwangu, kwa hiyo alikuwa akikata njia upande wake. Alikata miyonza minne ya miaka minane, utomvu ukamtiririka hadi viwikoni.

"Aksanti kwa kuichunga," akasema.

Sukari ikaisha, na hakukuwa na mtu wa kunipelekea jamu iliyobaki. Nikaibeba mwenyewe hadi Mbarara, nikauliza msikiti, nikamwona Nasimah kwa mara ya kwanza. Alinikaribisha vizuri, akaniletea chai. Nikamwambia nilichojia: "Mama, nimekuja uuze jamu yangu."

Nasimah akacheka mpaka akashika meza. "Nani anauza hapa, mimi au wewe?"

"Weye. Utoe makuta, miye nikupe jamu."

"Basi mimi nanunua, wewe ndiyo unauza! Nyinyi Wakongo! Divine siku ya kwanza alisema hivyohivyo. Alisema amekuja kuuza sukari yangu. Nikamwambia, mama, sukari hii ni yangu, utaiuza vipi? Tulicheka siku nzima. Hakukuambia? Sasa ni miaka mitano."

Nilikaa juu ya kreti la soda. Chai ilipoa mkononi. Nilirudia kichwani yale maneno ya bondeni, moja moja, na kila moja lilikuwa langu. Divine hakuongeza hata nusu neno. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo mimi ndiye niliyeifua.

Nilirudi Nakivale nikikariri njia nzima: nilinunua, nilinunua, nilinunua. Abiria wa pembeni yangu alisogea kidogo. Kesho yake nikaenda ofisini kwa bwana shamba, nikasimama wima mbele ya meza yake.

"Bwana, mimi nilinunua miche sita. Sikuuza. Kwetu kuuza ni kununua."

Alikuwa mstahimilivu, simlaumu. Alitoa faili, akanionyesha alama ya kidole changu. "Mama, siku ile ulisema uliuza, na ulifurahi sana. Leo unasema ulinunua. Mtu akipewa wiki mingi, anapata maneno ingine."

"Uliza Mkongo yeyote!"

"Hao wote ni majirani yako. Mimi ninaye mkalimani." Akaita mlangoni, na Divine akaingia, amevaa kitenge kipya, akapiga goti kidogo kama wanawake wa huku.

Nitasema ukweli: nilifurahi kumwona. Nilijua ameshanisaliti mara moja kwa kunyamazia maana ya neno langu, lakini kunyamaza ni jambo jepesi, linamponyoka mtu. Sasa angelazimika kufungua mdomo na kusema uongo mbele ya macho yangu, na nilijua hataweza. Tulizika wafu wetu pamoja.

"Huyu mama anasema kwenu kuuza ni kununua," bwana shamba akamwambia. "Ni hivyo?"

"Mwambie, Mama Parfait," nikasema. "Kwetu kuuza ni nini?"

Divine hakuniangalia. "Kuuza ni kuuza, sebo," akasema. "Hata kwetu."

Bwana shamba akafunga faili.

Nje nilimshika mkono. Nilikuwa nimepanga kumpiga. Nilikuwa nimepanga matusi ya kutosha wiki nzima, nami katika matusi sina mpinzani. Kilichotoka kilikuwa kingine, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Kama ungeniomba, ningekugawia nusu ya ile fasi ya bondeni. Unajua ningekugawia."

"Minajua," akasema.

"Sasa sababu gani?"

Alitoa mkono wangu kwenye wake polepole, bila hasira, kama anavyotoa mwiba.

"Blanketi ulinipa, minakuambia aksanti. Unga ulinipa, aksanti. Kila chupa ya jamu, aksanti. Ungenipa na udongo, Mama Patient, ningekuwa nakuambia aksanti mpaka nikufe. Ile fasi sasa ni yangu, na sitakuambia kitu."

Akaenda zake bondeni.