Kompyuta ya Wageni

"Mlaumu mwanao, usiilaumu kompyuta yangu," alisema Mujibu, akaushindilia ufunguo wa kabati mfukoni.

Siti alisimama mbele ya kabati la vioo, mikono kiunoni. Ndani, katikati ya vikombe vya wageni, ilikaa kompyuta mpakato ya Faidha, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mujibu aliinunua binti yao alipoanza stashahada ya uhasibu. Mgeni akija hufunuliwa, husifiwa, hufunikwa. Chuoni haikwenda hata siku moja. Kule bwenini, alisema Mujibu, watu wana mikono mirefu. Akipata kazi atakabidhiwa.

Kazi yenyewe ndiyo iliyomponyoka jana Masasi. Kampuni moja ya korosho iliwaweka wasailiwa mbele ya kompyuta, waingize mapokezi ya mzigo kwenye programu ya uhasibu na kutoa taarifa. Faidha, wa pili darasani kwao, hakujua pa kuanzia. Chuoni mmoja alikuwa akibonyeza, darasa zima likitazama. Mwishowe aliomba karatasi na rula. Alikokotoa yote, akapatia yote. Msaili akamwambia kwa upole kwamba hesabu anazijua, ila pale hakuna tena anayezifanya kwa kalamu. Upole huo ndio uliomliza njia nzima hadi Newala.

Jumatatu ijayo kulikuwa na usaili mwingine, wa chama cha ushirika hapo hapo Newala. Siti alitaka mtoto aanze mazoezi leo. Mujibu alishikilia kwamba kitu cha thamani si cha kujifunzia. Akajifunzie za watu.

"Za nani, Baba Faidha? Nitajie mtu mmoja atakayempa yake, wakati babaye mzazi kamnyima."

Mujibu akasema wageni watakaokuja Ijumaa watakuta pengo kabatini.

Siti alikitazama kile kitambaa. Alikifuma mwenyewe, tena kwa furaha. Leo kilimchefua.

Akaenda jikoni, akarudi na bisibisi. Mfuko wa mtu hakuugusa. Alifungua skrubu za bawaba moja baada ya nyingine, akauegemeza mlango wa kioo ukutani. Mujibu alimwita mwendawazimu. Kumshika mkewe mkono mbele ya binti, aliyekuwa kasimama mlangoni, aliona aibu.

Kompyuta haikuwaka. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa bure. Siti akaichomeka kwenye umeme, akangoja, hadi kioo chake kikapata mwanga.

"Kaa hapa," alimwambia Faidha. "Usinishukuru, tumeshakuchelewesha. Anza."