Sufuria ya Tatu ya Tofi

Sufuria ya kwanza iliungua mchana kweupe, mpishi mwenyewe akiwa hatua mbili tu kutoka kwenye jiko. Alikuwa ameipa kisogo, anapaka sinia siagi kwa kipande cha karatasi, kama alivyofanya miaka kumi na minne mfululizo kila sikukuu za mwisho wa mwaka zilipokaribia. Miaka yote hiyo hakuwa na haja ya kuikodolea sukari macho. Harufu ndiyo iliyokuwa ikimwita: kwanza ya maziwa, kisha ya karanga, kisha ile kali kidogo inayogota nyuma ya koo. Hapo ndipo alipogeuka na kuepua. Safari hii hakuitwa. Alipogeuka, moshi ulikuwa umeshafika darini.

Mtaani walimwita Fundi, kwa ajili ya cherehani zake mbili za chumba cha mbele na sare za shule alizoshona humo. Mumewe naye alikuwa fundi, wa mabomba, lakini jina la Fundi lilishachukuliwa, kwa hiyo yeye aliitwa Bomba, na hakulalamika.

Mwezi wa sita homa ilimlaza Fundi wiki mbili. Ilipoondoka haikuondoka mikono mitupu. Asubuhi moja alikata kitunguu, macho yakamtoka machozi kama kawaida, lakini puani kimya. Akasema ni mafua. Mafua yakaisha, pua ikabaki kama dirisha lililopigwa misumari. Ulimi ulimwambia hiki kitamu, hiki kina chumvi, basi. Mengine yote yalikuwa yamefutika. Hakumwambia mtu. Mwanzoni aliamini kesho itarudi. Kesho zikawa nyingi, na siri nayo ikanenepa, hata akaona aibu kuitoa. Akawa anapika kwa kumbukumbu na kwa kijiko cha kupimia, na walaji wakala.

Lakini tofi si mchuzi. Tofi haikusubiri ukumbuke.

Alisimama mbele ya ile sufuria nyeusi, mikono kiunoni. Zilibaki siku tatu. Kila mwaka tofi zake zilikwenda kwa mama mkwe, kwa majirani wa pande zote mbili, kwa walimu waliomletea kazi ya sare. Hakuna aliyewahi kuziagiza, na hakuna aliyewahi kuzikosa. Angeweza kununua pipi dukani, azifunge vizuri, na watu wangeshukuru.

"Homa imechukua pua," alisema kwa sauti, jikoni peke yake. "Tofi haichukui."

Akajaza sufuria maji, akaiweka juu ya moto mdogo ili ile sukari iliyogandamana ilainike, kisha akainamia meza kupima sukari nyingine. Vikombe viwili, robo kilo ya siagi, vijiko vitatu vya maji, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Alikuwa akikata siagi vipande mlango wa nyuma uliposukumwa kwa kishindo.

"Mungu wangu! Gesi!"

Alikuwa wifi yake, dada wa Bomba, dereva wa basi la shule, mwanamke aliyezoea kunyamazisha watoto arobaini bila kugeuza shingo. Alivuka jiko kwa hatua tatu, akafunga mtungi na kusukuma dirisha lote wazi. Upepo ulikuwa umeuzima ule moto mdogo, na gesi ilikuwa ikitoka taratibu, hakuna ajuaye tangu saa ngapi.

"Unataka tuzikwe kabla ya sikukuu? Harufu hiyo nimeisikia tangu getini!"

Fundi alishika kisu cha siagi kama aliyekamatwa anaiba. "Sikuisikia," alisema.

"Utaacha vipi kuisikia na umesimama juu yake?"

"Sisikii kitu, wifi. Harufu yoyote. Tangu ile homa."

Dereva akavuta kigoda, akaketi. 

"Miezi sita," alisema. "Miezi sita unanificha! Mimi nina siri gani nisiyokuletea hapa? Hata lile jipu, na unajua lilikuwa wapi, ni wewe uliyelikamua."

"Nalijua. Silisahau hata nikitaka."

Wakacheka wote wawili, cheko la watu walioponea chupuchupu. Kisha dereva akainuka, akakunja mikono ya blauzi. "Haya. Nipe huo mwiko. Leo tofi napika mimi, wewe kaa."

"Siutoi."

"Fundi, acha ubishi."

"Mwiko wangu ni mwiko. Wewe umewahi kupika tofi?"

"Sijawahi. Lakini pua ninayo!"

"Basi kaa nayo hapo kwenye kigoda, ilinde gesi. Tofi niachie. Na ukiona naharibu, usiniambie."

 Dereva akamtazama wifi yake usoni, akaitikia kwa kichwa.

Sufuria ya pili iliharibika kwa woga. Fundi aliikazia macho, akakoroga bila kupumzika, povu likapanda jeupe, likaanza kugeuka manjano. Akili ikamwambia bado, moyo ukamwambia inaungua. Akausikiliza moyo. Alichomwaga kwenye sinia hakikuganda. Baada ya saa nzima kilikuwa bado kinavutika kama gundi, na kijiko alichokichomeka katikati kilisimama chenyewe. Dereva alikitazama kile kijiko, akazitazama kucha zake, akatazama dari. Alitimiza ahadi, ila ilimgharimu.

"Cheka tu," Fundi alisema.

"Sicheki. Nafikiria kukizibia pancha."

Fundi akaweka mwiko chini. Alikwenda chumba cha mbele, akasimama kati ya cherehani zake mbili, akafikiri. Kazi gani aliifanya miaka yote kwa pua, na kazi gani aliifanya kwa macho? Mteja akileta sketi iliyopauka jua, yeye huchagua uzi unaolingana nayo kwa kutupa jicho mara moja tu, na hajawahi kurudishiwa kazi. Tofi iliyoiva ina rangi gani? Akafumba macho, akaiona: sinia la mwaka jana, mwanga wa dirishani, ile rangi. Akafungua droo ya nyuzi. Uzi wa kwanza ulikuwa mwekundu mno. Wa pili, rangi ya chai yenye maziwa. Wa tatu akautoa, akausogeza dirishani, akatikisa kichwa. Wa nne ndio.

Alirudi jikoni, akaufunga ule uzi kwenye kidole cha mkono wa kushoto. Akajaza bakuli maji baridi kabisa, akaliweka kando ya jiko. Akafunga dirisha nusu ili upepo usiguse moto. Akawasha.

"Sasa," alimwambia dereva, "hata kupiga chafya usipige."

Siagi ikayeyuka, sukari ikazama ndani yake. Akakoroga kwa mwendo mmoja, kama anayekanyaga cherehani kwenye mshono mrefu. Povu kubwa la mwanzo lilikuwa jepesi na lilipasuka kwa kelele. Kadiri lilivyoiva likawa dogo, zito, na sauti yake ikashuka, kama uji unaonong'ona. Hakuwahi kulisikiliza kabla. Akadondosha tone kwenye maji: likatawanyika. Akakoroga. Tone jingine: likakusanyika, laini kama sikio. Akakoroga. Bega lilimwaka moto, hakubadilisha mkono. Moyo ukaanza tena wimbo wake, inaungua, inaungua. Safari hii akausogeza uzi karibu na sufuria. Bado. Tofi ilikuwa imepauka kuliko uzi.

Nyuma yake dereva alivuta pumzi ndefu ya puani, ya mtu aliyesikia harufu nzuri, au mbaya. Fundi hakugeuka.

Tone jingine. Lilizama, likagonga chini ya bakuli. Alilitoa kwa vidole, akalivunja karibu na sikio. Ka! Akatazama uzi, akatazama sufuria. Haikuwepo tofauti.

Akaepua.

Ilitandaa kwenye sinia kama kioo. Ilipopoa, aliigonga mara moja kwa mpini wa kisu, ikapasuka vipande safi, na dereva alikuwa na kipande mdomoni kabla sauti haijaisha.

"Wifi," alisema, shavu limevimba. "Wifi, hii ndiyo yenyewe." Na yule mwenye sauti ya kunyamazisha basi zima akafuta macho kwa mkono wa blauzi.

Bomba alirudi jioni, akawakuta wanafunga tofi kwenye karatasi. Alichukua moja, akaitafuna amesimama. Fundi hakumpa nafasi ya kusifu.

"Baba, pua yangu imekufa. Leo nusura niichome nyumba."

Bomba aliacha kutafuna. "Najua ya pua," alisema polepole. "Mimi nashinda kwenye mitaro ya vyoo. Tangu tuoane hujawahi kuniruhusu nivuke mlango bila kuoga. Mwezi wa saba ukanipokea na kunikumbatia. Nikasema, ama mapenzi yamezidi, ama kuna tatizo."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Na kila usiku nafunga mtungi." Akatazama dirisha, kisha mtungi. "Nimekosea. Mchana sipo."

Kesho yake alihamishia mtungi nje ya ukuta, akatoboa, akapitisha bomba, na kila kiungo akakijaribu kwa povu la sabuni.

Siku ya sikukuu, nyumbani kwa mama mkwe, Fundi aliwaeleza wote kabla sinia halijazunguka. Mama mkwe, meno yake yakiwa machache lakini imara, alitafuna taratibu hadi mwisho.

"Basi mwanangu nikwambie ukweli," alisema. "Miaka yote ulikuwa unaziunguza kidogo. Za mwaka huu ndizo tofi."

Fundi alifungua mdomo ajibu, akajikuta anacheka.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali. Daktari hakumwahidi kitu. Alimpa zoezi la kunusa vitu vinne kila asubuhi: limau, karafuu, kahawa na sabuni, kwa miezi, bila kuruka siku. Alivipanga kwenye vikopo juu ya meza ya cherehani. Siku ya kwanza alivinusa kimoja kimoja, macho yamefumbwa. Kimya. Siku ya ishirini, kimya. Alivifunika, akavuta kiti, akaanza kushona.