Maua ya Kwanza ya Minji

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya mistari ya minji, yaani njegere, nikinyofoa maua meupe moja baada ya jingine na kuyaangusha kwenye karai. Ukungu wa Elburgon ulikuwa bado haujainuka. Niliona raha, nasema kweli. Tangu nirudi nyumbani, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ambayo mikono yangu iliifanya bila kusitasita.

Nilikuwa nimekaa Karagita miaka mingi, katika chumba kimoja cha kupanga, nikifanya kazi kwenye shamba la waridi karibu na ziwa. Huko tulifundishwa kwamba mche mchanga hauachiwi ua lake la kwanza. Unalikata likingali tumba, mche unanuna kidogo, halafu unajenga mwili. Supavaiza aliimba wimbo huo mpaka nikawa nauota. Sasa minji yangu ilikuwa imechanua kabla haijafika hata magotini. Niliihurumia kama msichana aliyeolewa mapema, nikaona niiokoe.

Mazoea yana taabu.

Nilirudi kwetu wafanyakazi walipopunguzwa, na godoro na sanduku moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba yangu, mzee Thuo, hakungoja hata hiyo ya pili. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kilicholala bila kulimwa kando ya shamba la kaka yangu Muiruri.

"Hapa," alisema. "Msimu mmoja. Nikiona mkulima, nitakukatia, pawe pako. Nikiona mchezo, Muiruri atalima."

Kwetu binti aliyerudi nyumbani hupewa chakula na mahali pa kulala, na watu husema baba yake ana roho safi. Ardhi ni hadithi nyingine. Kila mtu alijua kipande kile kilikuwa kikiwangoja wana wa Muiruri, na mama yao, Rahab, alikuwa amesimama pale pale na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni. Alisikia kila neno. Usiku ule nililala nikijua nimejipatia adui.

Kulipokucha, adui akagonga dirisha langu kwa mpini wa jembe. "Mugure! Jua litakukuta kitandani kama mke wa chifu."

Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilipochimba sana aliniuliza nazika nani. Nilipomwaga mbegu nyingi shimoni aliniuliza kama nalisha kuku. Alinionyesha jinsi ya kufunika mbegu kwa wayo wa mguu, taratibu, na jinsi ya kulijua gugu linalojifanya minji likiwa na majani mawili tu. Mikono yangu ilitoka malengelenge, akanicheka, kisha akaipaka mafuta ya ng'ombe mwenyewe. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Mama Ndung'u," nilimwambia, maana tulimwita kwa jina la mwanawe mkubwa, "huoni unanifundisha kuwanyang'anya watoto wako?"

Hakuinua kichwa. "Palilia. Ukimaliza huo mstari ndio uniulize maswali ya korti."

Mstari ulipoisha sikuuliza. Niliogopa jibu.

Basi asubuhi ile ya maua yeye alikuwa amekwenda matangani kwa ndugu zake, na mimi nilitaka arudi akute mwanafunzi wake amepiga hatua. Alinikuta karai limejaa. Nilimwonyesha huku nikitabasamu.

Rahab alishika kichwa. "Mugure. Umefanya nini?"

"Nimetoa maua ya kwanza. Ipate nguvu."

"Woi! Na hizo minji zitatoka wapi sasa? Kwa mizizi? Wewe unadhani ni viazi?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye umande. Mimi pia nikaanza kucheka, kwa aibu, halafu tukanyamaza kwa pamoja, maana sote wawili tulikumbuka maneno ya baba. Rahab aliinuka, akachukua karai, akawamwagia mbuzi ushahidi wote.

Siku hizi yeye anaishi Lanet, anamlelea Ndung'u watoto, na mimi sijazoea bado kulima bila sauti yake. Minji ikianza kuchanua humpigia simu. "Sijagusa," namwambia, naye anacheka kicheko kile kile. Nikikata simu nasimama kidogo hapo shambani kabla ya kuendelea, kwa sababu namkumbuka.

Msimu ule minji yangu ilijitahidi ikachanua tena, lakini mvua ilikuwa imeshakatika. Rahab alivuna magunia. Mimi sikujaza hata lile karai. Baba alikuja na fimbo yake, akachuma ganda moja, akalipasua kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na punje mbili, zimesinyaa.

"Hii ilichanua mapema, nikiona kwa macho yangu. Maua yalienda wapi?"

"Niliyakata, Baba. Nilidhani ni kama waridi."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata maini. "Kila mtu na kazi yake," alisema, akageuka. "Nitamwambia Muiruri alete trekta."

"Baba."

Ilikuwa sauti ya Rahab. Mkaza mwana kwetu hamwiti baba mkwe wake akiwa amempa kisogo, na Rahab alikuwa mtu wa adabu. Baba alisimama.

"Ule mwaka niliolewa hapa," Rahab alisema akiangalia chini, "nilifukua viazi vya mama, shamba nzima, niangalie kama vimekomaa. Vilikuwa kama gololi. Nikavirudisha kwa udongo, nikidhani vitaendelea kumea. Vikaoza vyote."

"Viazi vya mwaka ule? Niliambiwa ni ugonjwa."

"Mama ndiye alisema ni ugonjwa. Alijua ungenirudisha kwetu. Akanipa mbegu zingine, akaniambia nilime tena." Alininyoshea mkono. "Na huyu alime tena."

Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki zamani. Baba alisimama na lile ganda mkononi, na nikaona midomo yake ikitetemeka, sikujua kama ni hasira au kicheko. Aliondoka polepole, na trekta haikuja.

Msimu uliofuata Rahab hakuniamsha wala hakunisahihisha. Alilima upande wake, akiniangalia kwa jicho la pembeni, na mimi nikaota malengelenge mapya. Minji ilipochanua nilitembea katikati yake nimefunga mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Ikazaa. Siku ya kuvuna, magunia yalisimama mlangoni kwangu hadi jirani wakauliza ni ya nani.

Baba alituita sote asubuhi moja, anikatie kipande changu. Kwetu mpaka hupandwa itoka, yungiyungi la mashambani ambalo hata likikatwa huchipuka tena, na aliyepakana nawe ndiye hulipanda kwa mkono wake, watu wakiona, ili kesho asije akasema hakujua. Baba alivuta kamba kutoka mwisho wa kipande hadi mwisho, akaikaza kwa vijiti. Muiruri alisimama mikono mfukoni. Rahab, ambaye ndiye aliyelima upande ule, alichukua jembe na kapu la miche ya itoka.

Alifika kwenye kamba, akairuka. Akapiga hatua moja nzima ndani ya shamba lake mwenyewe, ndipo akachimba shimo la kwanza, na hatua hiyo ikabaki upande wangu.

Muiruri alikohoa. Rahab alimwangalia, naye akatazama milima.

"Mama Ndung'u," baba alisema, "kamba iko huku."

"Naiona, Baba."

Akapiga magoti, akaweka itoka shimoni, akafunika kwa udongo, akasogea kuchimba shimo la pili. Baba akainama, akang'oa kijiti, akaanza kukunja kamba.