Kazi ya Kila Asubuhi

Kamba ya kupandia ilikatika, na Alphonse akaanguka kutoka juu ya mchikichi, mgongo ukatua kwenye kisiki. Ilikuwa mwezi wa saba, 1954, katika shamba la ukoo wake huko Lubondja. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na tangu ujana hakuna kijana wa kijiji aliyempita kwa kupanda. Wenzake walipomfikia alikuwa macho, anazungumza, hata anauliza kama panga limemwangukia mtu. Kisha akawaomba wamnyooshee miguu. Miguu ilikuwa imenyooka tayari.

Walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka barabarani, na kamioni, lori la mfanyabiashara mmoja, ikamfikisha hospitali ya misioni kando ya ziwa, upande wa Nundu. Daktari alimchomachoma kwa sindano kutoka kifuani kwenda chini, akapiga mstari wa kalamu pale Alphonse aliposema hasikii tena. Mstari ulipita kwenye kitovu. Muganga Raphaël, mzaliwa wa Baraka aliyekuwa msaidizi wa daktari, ndiye aliyemweleza kwa Kiswahili kwamba uti wa mgongo umeumia na miguu haitarudi.

Habari ya miguu Alphonse aliilia siku mbili, halafu akanyamaza. Kilichomvunja moyo kilikuja siku ya tano. Haja kubwa ilitoka yenyewe, bila yeye kujua. Aliijua kwa harufu, kama walivyoijua wanaume wengine kumi na mmoja wa wodi ile. Mke wake, Adolphine, alikuwa amekaa kando ya kitanda akimmenyea ndizi. Alisimama, akaleta ndoo, akamgeuza, akamwosha. Alphonse alijifunika shuka usoni mpaka jioni.

Tangu siku ile akaacha kula. Adolphine alipika nje, kwenye mafiga ya wauguzaji, akaleta bukari, ugali wa kwao, na samaki wadogo, ndagala. Akitoka tu, Alphonse alimsogezea sahani mgonjwa wa kitanda cha pili. Adolphine aligundua siku ya tatu, aliporudi kuchukua kijiko alichosahau.

"Baba Félicité," alimwita kwa jina la binti yao, "juu ya nini haukule?"

"Mi nashiba."

"Unashiba nini? Mbavu zako zinahesabika."

Alphonse alitazama dari. "Kama sikule, hakuna kitu itatoka. Na we hautanigeuza tena kama mutoto ya kuzaliwa."

Adolphine alikaa chini. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, wa kucheka kisimani mpaka nyumba ya tatu wasikie, lakini pale alimshika mkono tu.

Na tumbo halikumsikiliza Alphonse. Lilifunga, likavimba, likawa gumu kama ngoma. Maumivu hakuyasikia sawasawa, ila jasho lilimtoka na akatapika kila alichokunywa. Raphaël aliweka paravani, pazia la kusimama, kuzunguka kitanda, akavaa ganti mikononi, akakaa naye karibu saa nzima akitoa kilichokauka ndani kwa kidole. Alipomaliza alinawa mikono, akamwambia, "Ndugu yangu, kukosa kula si dawa. Utakufa, na utakufa na tumbo imejaa."

Juma lililofuata aliletwa wodini mgonjwa mwingine, mzee Sebatware, mchungaji wa ng'ombe kutoka milima ya juu. Fahali alimrusha kwenye mawe miaka mitano nyuma, na tangu hapo miguu yake ilikuwa imekufa kama ya Alphonse. Alishushwa kwa sababu ya kidonda cha kitako. Mke wake, Mukarurangwa, alikuja naye, mama mrefu mwenye maneno machache. Wakampa kitanda cha kando ya Alphonse.

Alphonse alimtazama siku tatu. Kila asubuhi, baada ya uji wa moto, mzee aliomba paravani na beseni. Mukarurangwa alimwekea maji, akatoka nje. Baada ya muda kama wa Misa fupi, mzee alipiga makofi, mke akarudi kuchukua beseni, na mchana wote mzee alilala msafi, akisimulia habari za ng'ombe wake kwa kila aliyetaka kusikia.

Siku ya nne Alphonse akamuuliza kwa sauti ya chini, "Muzee, nani iko nakufanyia ile kazi?"

"Mi mwenyewe. Na hii kidole."

Alphonse aligeuza uso ukutani.

"Unaona haya?" mzee aliuliza.

"Naona, muzee."

"Mi pia. Mwaka muzima niliona haya. Niliwakataza batu kuingia mu nyumba yangu, bibi yangu nilimutukana kila siku. Haya yote ile haikunifungua tumbo hata mara moja." Mzee akajiegemeza kwa kiwiko. "Sikia, mwanangu. Ng'ombe ukimukamua saa ileile kila siku, maziwa inashuka saa ileile. Anazoea. Tumbo yako haijue kama mugongo ilivunjika. Iko nangoja we uifundishe saa."

Ndivyo Alphonse alivyoanza kujifunza. Raphaël alimkata kucha ya kidole mpaka kwenye nyama, akampa ganti mbili za mpira na kopo la mafuta. Kwanza uji wa moto, kisha kungoja kidogo, kwa sababu chakula kikiingia juu, chini kunaamka. Kisha kulala kwa ubavu wa kushoto na kulikanda tumbo, kutoka kulia chini, kupanda, kuvuka, kushuka kushoto. Mwishowe kidole chenye mafuta, polepole, kikizungushwa taratibu bila nguvu, kutoa, kungoja, kurudia, mpaka ndani pawe patupu.

"Usikwaruze," Raphaël alisema kila mara. "Pale hausikie. Ukijiumiza hautajua. Tazama ganti, ukiona damu, acha, niite."

Asubuhi nne za kwanza hakikutoka kitu, kisha kikatoka saa nane mchana juu ya shuka safi. Alphonse alilirusha beseni likagonga ukuta. Sebatware akasema kutoka kitandani kwake, kwa upole, "Na kesho tena, mwanangu." Alphonse alilia waziwazi safari hii, bila kujifunika shuka.

Nje, kwenye mafiga, Mukarurangwa alimwambia Adolphine jambo ambalo Adolphine alikuja kulirudia kwa wanawake wengi baadaye. "Mupelekee uji na maji, halafu utoke. Kama unamuosha kila siku utakuwa mama yake. We ni bibi yake. Mwachie ile kazi ikuwe yake."

Haikuwa rahisi kwa Adolphine kutoka. Alisimama nyuma ya mlango akisikia maji yakimwagika, mikono yake haina pa kwenda. Lakini alitoka. Na miezi miwili ilipokwisha, siku za shuka safi zikawa nyingi kuliko siku za shuka chafu. Alphonse akaanza kula. Akanenepa mashavu. Siku moja alimwambia Adolphine mboga yake ya sombe imekosa chumvi, na Adolphine akacheka mpaka sista akatoka kutazama.

Waliondoka hospitali mwezi wa kwanza wa mwaka 1955. Seremala wa Baraka alimtengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, na Adolphine akashona mto wa pamba kuzunguka tundu lile, ili ngozi isichubuke. Sebatware alikuwa amekwisha kurudi milimani. Waliagana kwa kushikana mikono miwili, na mzee akamwambia asisahau kunywa maji mengi na kula mapapai.

Nyumbani Lubondja maisha yakapata utaratibu. Kwa mikono Alphonse alivuka kutoka mkekani hadi kwenye kile kiti, jua likiwa bado halijafika kizingitini. Akishamaliza, akishanawa kwa sabuni, alikaa barazani akisuka vitunga vya kubebea mihogo, na watu wakaanza kusimama kumsalimia, kwanza kwa huruma, kisha kwa mazoea.

Mwezi wa nne kaka yake mkubwa, Roger, alikuja kutoka Baraka na wazee wawili wa ukoo. Roger alikuwa mtu mwema. Siku ile ya ajali alikuwa kijijini, na ndiye aliyemlilia mwenye kamioni mpaka akakubali kumpakia majeruhi. Walifika mapema mno, uji ukiwa ndiyo kwanza umenywewa. Kwa heshima, Alphonse hakuweza kuwaambia wazee wangoje. Aliomba abebwe barazani, akakaa nao.

Roger alianza mbali, habari za mvua, habari za ndugu. Kisha akaja kwenye jambo. "Mudogo yangu, tumekuja juu ya shemeji. Adolphine iko kijana. Si haki kumufunga na ndoo na vitambaa maisha yake yote. Tunasema arudi kwa baba yake kwa heshima. We utakuja kwangu, bamama ba pale batakuangalia."

Adolphine alikuwa mlangoni. Hakuingia katika maneno ya wanaume, ila hakuondoka.

Alphonse alifungua kinywa kujibu, na wakati uleule harufu ikampata. Tumbo lilikuwa limefundishwa saa yake, na saa ilikuwa imefika. Wazee walitazama pembeni. Mmoja alijifanya anakohoa. Roger akasema taratibu, kwa huzuni ya kweli, "Unaona, mudogo yangu."

Alphonse alitamani ardhi immeze, alitamani shuka la hospitali la kujifunika uso. Adolphine akapiga hatua moja mbele, Alphonse akamwinulia mkono, asije.

"Naona, yaya," alimwambia kaka yake. "Kila asubuhi, nikimaliza uji, iko na kazi nafanya mi mwenyewe. Leo sikuifanya, juu nyinyi mulifika na mi niliona haya kuwaambia mungoje. Lile lilikuwa kosa yangu. Sasa munipatie muda. Mama Félicité anawaletea chai. Musiondoke, maneno haijaisha."

Alijishusha chini, akajivuta kwa mikono mpaka ndani, miguu ikimfuata. Adolphine alimwekea maji na nguo safi, akatoka, akawapikia wageni chai. Walikunywa polepole. Walisikia maji, walisikia kiti cha mbao kikilia, tena maji.

Alphonse aliporudi alikuwa amevaa shati jeupe la Jumapili.

"Adolphine hanioshe. Ile mulisikia, ndo kazi yangu. Kama yeye anataka kurudi kwa baba yake, aseme mwenyewe, na mi sitamukatalia. Lakini musimwondoe kwa sababu ya ndoo. Ndoo ni yangu."

Mzee mkubwa akamgeukia Adolphine. "Mama, sema."

"Mi niko kwangu," Adolphine alisema. "Chai iko bado, kama munataka."

Wazee walimtazama Roger. Yeye akaomba kikombe cha pili.

Maneno yale hayakurudiwa tena. Habari za Sebatware ziliwafikia mwaka uliofuata, kwa wachungaji waliokuja sokoni: homa ya mkojo ilikuwa imemchukua. Alphonse hakusuka chochote juma lile.

Mwaka 1957 binti yao, Félicité, alipokea komunyo ya kwanza huko Baraka. Alphonse hakuwa amelala nje ya nyumba yake tangu atoke hospitali, na njia nzima, ndani ya kamioni, alikuwa akiwaza: wapi, kwa maji gani, mbele ya nani. Walipofika kwa Roger walikuta nyuma ya nyumba uzio mpya wa matete, na ndani yake kiti chenye tundu, ndoo mbili, na kipande kizima cha sabuni.

Asubuhi ya komunyo, wengine wakiwa bado wanatafuta viatu, Alphonse alikunywa uji wake, akajivuta mpaka kwenye uzio. Roger alikuwa pale, amechuchumaa mbele ya sufuria iliyokuwa motoni, akitia kidole majini kupima kama yamepata joto.