Kichwa Kilichong'ang'ania

Musoki alikuwa amefika katikati ya uwanja wa shule wakati uzi wa mashine yake ya kukatia majani uliposhika kitu na kukataa kuachia.

Alidhani ni kisiki, au waya uliosahauliwa ardhini. Akalegeza kidole, kichwa cha mashine kikaacha kuzunguka, injini ikabaki ikiunguruma taratibu. Mazoea yalimwambia avute nyuma kwa nguvu ya kiuno, kama afanyavyo siku zote uzi ukikwama kwenye mizizi. Kilichomzuia ni rangi. Kati ya majani yaliyolala aliona kitu cha mviringo, kijani kilicholiwa na kutu, kikubwa kama pera. Uzi wake wa nailoni ulikuwa umeizunguka shingo ya kitu kile na kupenya ndani ya pete yake ndogo ya chuma. Pini iliyoshikwa na pete ile ilikuwa nusu ndani, nusu nje.

Kitu hicho alikuwa amekiona mara nyingi kwenye picha, ukutani pa kituo cha afya, karibu na picha za chanjo. Watoto wake wote walijua jina lake kabla hawajajua kusoma.

Alisimama, mkanda wa mashine begani, mikono kwenye usukani, macho kwenye pete. Injini ilikuwa bado inatetemesha bomba refu la mashine, bomba linatetemesha uzi, na uzi unaitetemesha pete. Ilikuwa inacheza kidogo kidogo, kama sikio la ng'ombe anayefukuza inzi.

Lazima aizime injini. Lakini mashine ile haikuzimika kwa upole. Kila ilipozimwa ilikohoa kwanza, ikaruka kidogo, ndipo ikafa. Musoki alibana bomba kwa mapaja yake, akaibana mikono kwenye mbavu, akamwita Yesu moyoni, akasukuma swichi kwa kidole gumba. Injini ikakohoa. Mwili wake wote ukaumeza mruko ule. Pete ilicheza mara moja, kisha ikatulia.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele. Alianza kusikia pumzi zake.

Uzi wa mashine nyingine ungekuwa umeshakatika. Au ungeteleza ndani ya kichwa, ukatoka, akaachwa na mashine yake mkononi. Wake haukukatika wala haukuteleza, na aliyesababisha hilo ni yeye mwenyewe. Kichwa cha plastiki kilichokuja na mashine kilimsumbua tangu mwanzo. Ukikigonga chini kitoe uzi mpya, mara kinautoa wote, mara kinagoma. Kwenye majani magumu ya Bunia, mji wao wa mashariki ya Kongo, uzi uliteleza kila saa. Basi Musoki akaenda kwa Gaspard, fundi wa kukereza vyuma, akamchorea kichwa kipya kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Kiwe cha aluminiamu. Bobini ya ndani, ile inayobeba uzi, iwe na meno yanayouma. Kitufe cha chini kisukumwe na resori, springi ya valvu ya pikipiki, ile ngumu, ili kisibonyee ovyo kwenye mawe.

"Nataka ikishika, ishike," alimwambia.

"Hii utafunga nayo ng'ombe," Gaspard alijibu akicheka.

Walicheka wote. Wakataji wengine walitoka mitaa ya mbali kuja Ngezi, nyumbani kwake, kukiangalia kile kichwa. Sasa kilikuwa kimeshika.

Halafu akakumbuka jambo jingine. Kitufe kile hufanya kazi kwa kugongwa ardhini. Tangu asubuhi alikuwa akikata na kugonga, akikata na kugonga, kwa nguvu, kwa kuwa resori ilikuwa ngumu. Alikuwa amegonga uwanja mzima ule uliobaki nyuma yake. Hakuthubutu hata kugeuza shingo kuuangalia.

"Maman Musoki! Iko nini? Mashine imekufa?"

Ilikuwa sauti ya Madame Elisabeth, mkuu wa shule. Alikuwa ametoka madarasani na thermosi ya chai mkononi, na badala ya kuzunguka alikata njia katikati ya majani ambayo hayajakatwa. Yalimfika kiunoni.

"Usikuye!" Sauti ya Musoki ilitoka kali hadi yeye mwenyewe akashtuka. "Madame, simama palepale! Usiongeze hata mguu!"

Elisabeth akasimama. "Nyoka?"

"Hapana nyoka. Kuko grenadi. Uzi yangu imeshika pete yake."

Elisabeth alijua maana yake: bomu la mkono. Aliinamisha uso, akaangalia majani yaliyoizunguka sketi yake, yote yale mazito ambayo hakuna aliyejua chini yake kuna nini. Shule ile ilikaa bila wanafunzi muda mrefu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewakimbiza watoto siku watu wenye silaha walipoingia, na baadaye watu hao walilala humo. Alikuwa ameambiwa kuwa uwanja umeshapitiwa, hauna kitu. Ndivyo alivyomwambia Musoki alipomwita aje kukata kabla ya masomo kuanza.

"Geuka polepole," Musoki alisema. "Rudi mule mule miguu yako imepita. Unaona majani yenye imelala? Kanyaga pale tu."

Elisabeth aligeuka. Alirudi kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akitafuta kila alama ya kiatu kabla ya kushusha mguu. Musoki hakuweza kumwangalia. Alibaki na pete yake, akisikiliza majani. Yaliponyamaza alijua amefika kwenye simenti ya baraza.

Simu ilichukua muda. Elisabeth alipiga huku, akaambiwa apige kule, akaeleza, akarudia kueleza. Mwishowe alipaza sauti toka barazani.

"Watu wa kutegua mabomu wanakuya! Lakini wako mbali, na barabara ni mbaya. Wanasema usiguse kitu, uondoke!"

"Nitaondoka namna gani? Nikiachia, mashine inaanguka. Ikianguka, inavuta!"

Jua lilikuwa limepanda. Jasho lilimwingia Musoki machoni na hakuwa na mkono wa kulifutia. Mkanda ulikuwa unabeba uzito, lakini kichwa cha mashine kilining'inia mbele, na kila alipovuta pumzi uzi ulikaza, alipoitoa ukalegea. Akaanza kupumua kwa juu juu tu. Mabega yalimwaka. Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka wenyewe, ule mtetemeko usiosikia amri. Alifikiria wanawe. Alifikiria Kule, mumewe, aliyekuwa Kpandroma kununua viazi vya kuuza. Angeambiwa na nani, na kwa maneno gani? Akajikataza kufikiria.

Akasikia hatua nyuma yake, upande aliokwisha kukata.

"Ni miye," Elisabeth alisema kwa sauti ya chini. "Nimezunguka kwa lango. Nimefuata nyayo zako."

"Madame, rudi. Tafadhali. Uko na watoto."

"Na weye hauna? Mikono yako inatetemeka, naona toka kule. Wale watakuya saa gani, hakuna mwenye anajua. Sema nishike wapi."

Musoki alitaka kukataa. Lakini mkono wa kushoto ulimjibia: uliruka, uzi ukakaza, na pini ikasogea. Kidogo mno, upana wa kucha. Wote wawili waliiona.

"Nyuma yangu," Musoki alinong'ona. "Pitisha mikono chini ya yangu. Shika hapa, na hapa. Usivute, usisukume. Beba tu."

Elisabeth akamkumbatia kwa nyuma. Kifua chake kilikuwa kinapiga mgongoni mwa Musoki kama cha ndege aliyeshikwa. Vidole vyake vilishika usukani kimoja kimoja, na kimoja kimoja Musoki akaondoa vyake. Kisha akajikunja, akatoa kichwa ndani ya mkanda, mkanda ukakaa kwenye bega la mwenzake. Elisabeth alianza kuomba kwa lugha ya kwao, ambayo Musoki hakuielewa, neno moja akilirudia na kulirudia.

Musoki alipiga magoti. Alitambaa kando ya bomba, akiangalia kila mahali kabla ya kuweka goti, mpaka akafika kwenye kichwa cha aluminiamu. Kati yake na kile kitu kijani palikuwa na urefu wa mkono mmoja. Alisikia harufu ya majani mabichi na ya petroli. Mchwa mwekundu alikuwa anatembea juu ya kutu, bila wasiwasi.

Kisu kidogo kilikuwamo mfukoni. Lakini uzi ule mnene ulikuwa umekaza. Kuukereza kwa kisu ni kuutikisa, na ukikatika ungeruka kama upinde. Hapana. Ilibidi bobini yenyewe iachie, na hilo lilitaka kitufe kibonyezwe. Na kitufe kilikuwa chini.

Alipitisha mkono chini ya kichwa, mgongo wa kiganja ukigusa udongo, akakipata kwa kidole gumba. Akasukuma. Resori haikumsikiliza. Akasukuma tena, na badala ya kitufe kubonyea kichwa chote kikapanda juu kidogo, pamoja na uzi.

"Musoki!" Elisabeth alilia.

"Nyamaza. Beba tu."

Aliweka kiganja cha mkono wa pili juu ya kichwa, kukizuia kisipande. Sasa mkono mmoja ulikandamiza kutoka juu, mwingine ukasukuma kutoka chini, kama mtu anayevunja karanga ngumu katikati ya viganja. Aliuma meno. Kidole gumba kiliuma hadi kwenye kiwiko. Resori ikaanza kukubali, unywele kwa unywele.

Tak.

Musoki alifumba macho. Kila mtu anajua kwamba grenadi hulia tak kabla ya kulipuka. Alibaki hivyo, magotini, mikono imebana chuma, akingoja, na nyuma yake maombi ya Elisabeth yalikuwa yamekatika katikati ya neno.

Hakukuja kitu. Mahali fulani ng'ambo ya ukuta mtu alipita akiimba na redio.

Alifumbua jicho moja. Yalikuwa meno ya bobini. Uzi uliokuwa umejikunja ndani ulikuwa umesukumana wenyewe ukatoka, na sasa ulilala ardhini umelegea kabisa. Pete ilikuwa imelala pia, ubavuni, haivutwi na mtu.

"Umeachia," alisema, na midomo haikutaka kutamka. "Shusha mashine. Polepole, kama mutoto mwenye amelala."

Waliilaza pamoja. Kisha wakarudi nyuma bila kukipa mgongo kile kitu, mkono kwa mkono, wakikanyaga palepale miguu ya Musoki ilipopita asubuhi. Walipogusa barabara nje ya lango Elisabeth aliinama akatapika. Musoki alikaa chini vumbini.

Watu wa kutegua mabomu walifika mchana, wakafunga barabara, wakawasikiliza, na mkubwa wao akawakaripia wote wawili.

"Mungengoja," alisema. "Haiko kazi ya mikono ya wamama."

"Mikono yangu ndiyo ilikataa kungoja," Musoki alijibu.

Walikata uzi kwa mkasi, wakaitoa mashine, kisha wakakilipua kile kitu palepale kilipokuwa. Mlio ulitikisa mabati ya mtaa mzima, na wauzaji wa barabarani walikimbia na mabeseni yao kichwani hadi walipoambiwa si vita. Kabla ya jioni walipata kingine kwenye majani marefu, karibu na pale Elisabeth aliposimama na thermosi. Na cha tatu walikipata kwenye sehemu iliyokwisha kukatwa, chini ya udongo mwembamba. Musoki aliomba asionyeshwe ni wapi.

Kwa muda hakuigusa mashine. Usiku aliota anabonyeza kitufe. Mumewe, Kule, aliporudi kutoka Kpandroma na kusikia yote, alisema waiuze, watauza viazi pamoja sokoni. Musoki alisema atafikiri. Alichofanya ni kurudi kwa Gaspard na kumwomba chaki.

Safari hii alichora kichwa ambacho ni sahani bapa tu. Hakukuwa na bobini wala resori, wala kitufe cha kugonga ardhini. Palikuwa na matundu mawili kila upande, na kipande kifupi cha uzi kinachoingia tundu moja na kutokea la pili, bila fundo.

Gaspard alikuna kidevu. "Na nini itakishika?"

"Kuzunguka kwenyewe. Ncha mbili zinavutana sawa. Lakini kitu kikikamata ncha moja, kipande chote kinatoka, kinabaki kule."

"Utapoteza uzi mingi."

"Nitapoteza."

Alikijaribu kwanza nyuma ya nyumba yake Ngezi, mahali alipozaliwa mtoto wake wa mwisho, mahali alipojua kila jiwe. Majani yalikatwa vizuri. Karibu na mgomba uzi ulikamata shina kavu. Kipande kikatoka upande mmoja, sahani ikayumba, na mashine ikabaki nyepesi mikononi mwake. Hivyo hasa ndivyo alivyotaka. Hata hivyo alizima injini, akatua mashine, akaenda kukaa kwenye kizingiti na mikono kwapani, mpaka ilipoacha kutetemeka. Baada ya hapo akaingia ndani kukata kipande kingine cha uzi.