Mama Apimwe

Kaka mkubwa aliitisha kikao cha familia sebuleni, ajenda moja: mama aletewe muuguzi, au msaidizi wa kukaa naye tu? Penye wazee haliharibiki neno, lakini sisi mzee mwenyewe tulimfungia mlango chumbani ili asitusumbue.

"Msaidizi wa nini?" kaka alifoka. "Wa kupiga soga? Mama yetu si wa kuletewa mtu asiye na cheti!"

"Na majirani watasemaje?" dada akadakia.

"Mama haumwi," nikasema. "Magoti tu yamechoka, na nyumba iko kimya. Anataka mtu wa kuongea naye."

Wakanitazama kama nimemwaga chai. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba hutoa vikombe, hatoi maoni. Nilikasirika, nikatoa vikombe.

Muuguzi akaja, sare nyeupe inang'aa hadi mtaa wa pili. Asubuhi na jioni alimpima mama presha, akatuma namba kwenye kundi la familia, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine. Kaka alijibu kwa kidole gumba. Dada aliandika, "Mungu mkubwa!" Hakuna aliyempigia mama simu, ya nini, na namba zimeshafika?

Haukupita muda, mama, mzima wa afya, akaanza kuugua. Leo kifua, kesho kizunguzungu, keshokutwa kuna kitu kinamtembea mgongoni. Muuguzi akalazimika kupima hata mchana. Kaka akaandika kwa herufi kubwa: "MNAONA? TUNGELETA MPIGA SOGA INGEKUWAJE?"

Jumapili muuguzi alipumzika, nikaenda kupima mimi. Nilimkuta mama ameshakunja mkono wa gauni, ameketi ananisubiri. Nikamfunga mkanda wa mashine, nikamshika kiganja.

"Leo unaumwa wapi, mama?"

"Popote," akasema. Kisha akacheka kidogo. "Mwanangu, hiki kidude kikianza kubana, mtu hawezi kuondoka. Lazima anishike mkono mpaka kiishe."

Nilimwonea mama huruma, nikajionea na aibu. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Betri zilikuwa zimekwisha.

Simu ikalia mfukoni. Kaka alikuwa ameandika kundini: "Mbona leo hakuna namba?"

Mama alikuwa amefumba macho. "Imesema ngapi?"

"Bado inapima, mama," nikasema, nikavuta kiti kwa mguu, nikakaa.