Bembea ya Makufuli Mawili

Bibi Povu alikamua shuka la mwisho la watu, akalianika, akajinyoosha, kiuno kikalia kama mlango. Sabuni ilikuwa imepanda bei, maji yamepanda. Kilichobaki kuinama ni mgongo wake tu. Jina hilo la Povu alipewa mtaani kwa ajili ya kazi yake ya kufua, ingawa wenye roho mbaya walisema ni kwa ajili ya maneno yake.

"Leo hatuchelewi," alimwambia mjukuu wake, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa na gauni lake jipya. "Leo mama yako anapata picha yake."

Mama wa mtoto alikuwa ng'ambo, analea watoto wa matajiri. Aliondoka huyu wake akitambaa. Sasa anakimbia na kujibizana na wakubwa. Hakuomba mengi. Alitaka kumwona mwanawe juu ya bembea ileile aliyoipanda yeye utotoni, katika bustani iliyo nyuma ya shule.

Zamani bustani ile ilikuwa wazi kama mdomo wa mlevi. Kisha halmashauri ya mji na idara ya elimu zikapatana kuitunza pamoja: asubuhi wanafunzi, jioni watu wote. Wakubwa wakakata utepe, wakala, wakafuta midomo. Halafu kila upande ukatia mnyororo wake na kufuli lake, maana kuaminiana ni kuzuri lakini kufuli halidanganyi. Lango halifunguki mpaka yafunguliwe yote mawili. Ufunguo mmoja anao mlinzi wa mji, anayetoka saa kumi. Wa pili anao mlinzi wa elimu, anayeingia saa kumi. Wanafunzi wenyewe huitazama bustani yao madirishani.

Bibi Povu si mjinga. Alifika saa kumi hiyohiyo, akamkuta mmoja akifunga mkoba na mwenzake akishuka baiskeli. Wanapeana mikono, wanaulizana habari za wake zao.

"Wanangu, leo nimewakamata wote," akasema. "Fungueni, mtoto apande mara moja tu, nipige picha niondoke."

"Mama, mimi nimeshatoka kazini," akasema wa mji.

"Na mimi sijaingia," akasema wa elimu. "Mpaka nivae koti."

"Si uvae?"

"Nikivaa, huyu keshaondoka."

"Na wewe si umsubiri?" akamgeukia wa mji.

"Niliwahi kumsubiri, mama. Wakubwa wakaniuliza muda ule nalipwa na nani, mji au elimu. Kila mmoja akamwonyesha mwenzake. Nikakatwa mshahara wa siku nzima."

"Kwa hiyo mnakutana hapa kusalimiana tu?"

"Ndiyo ushirikiano wenyewe huo, bi mkubwa."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu wasio na la kufanya. Wa mji akaenda zake. Wa elimu akavaa koti, akakalia kiti chake.

Bibi Povu alimsimamisha mtoto mbele ya uzio wa waya, bembea ikionekana kwa nyuma, akapiga picha akaituma. Wakaketi ukingoni mwa barabara kungoja. Jibu likaja kwa sauti.

"Mama! Mwanangu kawa mkubwa hivi! Lakini mbona umempiga picha yuko jela?" Binti alicheka. Nyuma yake chuma kililia kwii, kwii, na mtoto mwingine akideka kwa lugha ya watu. Binti akambembeleza kwa lugha hiyohiyo. Sauti ikakatika.

Kwa bembea huwezi kumdanganya mtoto. Huujua mlio wake hata usingizini.

"Bibi, mama anamsukuma nani?"

Bibi Povu aliutazama uzio. Akasimama. Akavua ndara moja, akapima kwa jicho, akaivurumisha juu ya uzio. Ikagonga kiti cha bembea, kikaanza kwenda na kurudi, kitupu.

Mtoto akapiga makofi.

"Bi mkubwa!" Mlinzi aliruka kitini. "Hiyo haitoki humo mpaka wakubwa wa pande zote mbili wakubali!"

"Nani kakwambia naidai?"

Bembea ilikuwa inatulia. Mtoto aliung'ang'ania waya kwa mikono miwili.

"Tena, Bibi. Isukume tena."

Bibi Povu akainama kuvua ya pili.